Gauni Lililotanuliwa Mara Mbili

Watu wa Utange wanasema nimeharibu harusi. Wanasema waziwazi, hata nikiwa nimesimama palepale dukani nikingoja kufungiwa sukari. Kahaso fundi, wanasema, mdomo wake ndio ulioahirisha harusi ya binti wa Jamaludin. Zamani nilikuwa nawajibu. Siku hizi nimechoka, nachukua sukari yangu naondoka. Lakini nitalisema hapa mara moja, tangu mwanzo, kwa sababu yule msichana alikuwa anakufa mbele ya macho yetu na sisi tulikuwa tunampongeza. Hilo haliniishi moyoni.

Mimi ni fundi wa nguo za kike. Kibanda changu kiko kando ya barabara iendayo Mwakirunge, ambako malori ya mawe hupita tangu alfajiri, kwa hiyo kitambaa cheupe hukishona dirisha likiwa limefungwa na shuka kuukuu limetandazwa chini ya cherehani. Joto lake silisemi. Kazi hii naifanya mwaka wa ishirini na mbili sasa. Shule niliishia darasa la nane, lakini mwili wa mwanamke naujua. Mwanamke akinenepa kwa kula, huanzia tumboni na mapajani, kisha mgongoni, kisha mikononi kwa juu. Kifundo cha mkono huwa cha mwisho, tena hubishana sana kabla ya kukubali kuongezeka. Jambo hilo sikufundishwa na mtu. Limo ndani ya daftari langu la vipimo, majina na tarehe, na mimi siku zote nilidhani ni daftari tu.

Bi Mahfoudha alinijia mwezi wa nane. Yeye ni mkewe Jamaludin, yule mwenye duka la vigae na mabomba, watu wa Mombasa wa tangu na tangu waliohamia huku bara walipojenga. Binti yao Malak alikuwa ameposwa na Hussam, kijana wa Lamu anayefanya kazi bandarini, na harusi ilikuwa baada ya wiki saba. Walitaka gauni la satini, mikono mirefu inayobana mpaka kwenye kifundo na kufungwa kwa vifungo vidogo kumi na viwili kila upande. Nilifurahi. Kazi kama hiyo fundi wa kando ya barabara haipati kila mwaka.

Malak mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tatu, mwalimu wa chekechea, rangi ya maji ya kunde, mrefu, mwili wa kadiri. Nasema wa kadiri kwa sababu nilimpima. Kiuno inchi ishirini na nane. Kifundo cha mkono inchi sita kamili. Alikuwa anatembea kwenda kazini na kurudi, anakula wali wake na samaki wake, hana pumzi fupi wala uchovu. Hakuna kitu kilichopungua kwa yule mtoto.

"Wacha akiba kubwa ndani ya mshono, Kahaso," mama yake akaniambia. "Mwanangu yuwaenda kwa watu. Wakimuona hivi watasema kwao hakuna chakula. Somo wake atamtia mwili."

Sikushangaa, maana hata kwetu Kaloleni mwanamke mwembamba huulizwa kama mumewe anamlisha. Sisi sote tuna ugonjwa huo wa kumsoma mtu kwa mashavu. Nikaacha inchi mbili kila upande.

Somo ni yule mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari na kumtengeneza kabla ya harusi. Wa Malak aliitwa Bi Fairuz, na Kisauni nzima inamjua kwa mikono yake. Mwari hutiwa ndani, hatoki, haonwi na jua wala wapita njia, na kila siku husingwa mwili kwa liwa, ule unga wa msandali, na manukato mpaka ngozi ilainike. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kama ningezaliwa kwao ningependa kukaa wiki tano bila kufagia. Ugomvi wangu ni na kopo. Bi Fairuz aliona liwa inachelewa kumng'arisha, akaleta mafuta meupe ndani ya kopo lisilo na jina, lisilo na tarehe, lisilosema limetoka wapi. Mtaani vitu hivyo tunaviita mkorogo, lakini yeye aliyaita mafuta ya mwari. Akamwambia Bi Mahfoudha ampake binti yake asubuhi na jioni, mwili mzima, kwa mkono wa mama, maana mkono wa mama una baraka.

Mwari hatoki, kwa hiyo fundi ndiye huenda. Baada ya wiki mbili nilienda nyumbani kwao na gauni likiwa limefungwa ndani ya shuka. Nilimkuta Malak kitandani, feni inazunguka, madirisha yamefungwa. Wallahi, kama wanavyosema wao, nilipigwa na butwaa. Uso ulikuwa umekuwa mweupe, mashavu yamejaa, shingo imeviringana. Shangazi zake wawili walikuwepo, na Bi Fairuz amekaa kwenye kiti cha pembeni kama mwenye shamba siku ya mavuno.

"Mashallah," wakasema. "Mwili umekuja."

"Umenawiri, Malak," na mimi nikasema. Nasema hili ili mtu asidhani mimi nilikuwa bora kuliko wao.

Nikampima. Kiuno thelathini. Nikazungusha tepu kwenye kifundo cha mkono, nikasoma, nikairudia. Sita na nusu. Kalamu yangu ilisimama kidogo. Kifundo cha msichana wa miaka ishirini na tatu kimeongezeka nusu inchi kwa siku kumi na nne. Kwa miaka ishirini na mbili sijawahi kuandika kitu kama hicho. Niliona. Kisha nikatazama wale wanawake na mazulia yao, nikajiambia Kahaso, wewe umeitwa kushona. Nikaandika sita na nusu, nikarudi Utange, nikatanua mishono.

Siku tisa baadaye nikaitwa tena. Gauni limembana. Kiuno thelathini na mbili, kifundo sita na robo tatu na zaidi. Bi Mahfoudha alikuwa anacheka kwa furaha, ameshika mkono wa bintiye anaugeuzageuza. Malak hakucheka. Aliniuliza tu kama satini ina joto sana, kwa sababu usiku anashindwa kulala chali, kifua kinambana. Mama yake akamwambia ni wasiwasi wa harusi. Nami nikasema ndiyo, ni wasiwasi. Nikaenda nikatanua mara ya pili, na kitambaa cha akiba kikaisha.

Mara ya tatu nilikuwa nimekwenda asubuhi mapema, harusi ikiwa imebaki wiki mbili na ushei. Bi Mahfoudha alikuwa jikoni, Bi Fairuz hajafika. Nilimkuta Malak peke yake, na nilipomwona nilitaka kugeuka nitoke. Macho yalikuwa yamevimba yamekuwa vijistari viwili. Midomo minene. Miguu imejaa mpaka viatu vya nyumbani havimwingii.

"Shikamoo, mama Kahaso," akasema, na hiyo shikamoo ikamtoa pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Sijui. Asubuhi ndio mbaya zaidi. Mchana uso hushuka kidogo, lakini miguu ndiyo hujaa." Akatazama mlango. "Nikienda haja ndogo kunakuwa na povu, povu jingi kama la sabuni, halishuki. Nilimwambia somo. Akasema ni uchafu wa mwili unatoka, niongeze kujipaka."

"Mama yako umemwambia?"

"Somo alinambia nisimsumbue mama na mambo ya chooni."

Nikapiga magoti. Nikaweka kidole gumba juu ya mfupa wa mguu wake, pale mbele ambapo hakuna nyama, nikabonyeza nikahesabu mpaka tano. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Shimo la kidole changu, limekaa palepale, halijai. Mafuta hayafanyi hivyo. Nimebonyeza miili ya watu wanene nikiweka pini, nyama yao hurudi. Hili lilikuwa maji. Tulikuwa tumekaa karibu wiki tatu tunamsifu msichana kwa kujaa maji.

Bi Mahfoudha aliingia na chai. Akaniona bado niko chini.

"Umempima? Ikiwa kitambaa kimekwisha, tia kipande ubavuni. Utakipata cha rangi ileile?"

"Sitanui tena, Bi Mahfoudha."

"Wasemaje?"

"Nasema sitanui. Mtoto huyu hajanenepa, amevimba. Njoo uone mguu wake. Mpeleke hospitali leo."

Alinitazama kama nimetukana. Bi Fairuz alikuwa ameshafika mlangoni, bado na buibui, na yeye ndiye aliyejibu.

"Mwari hatoki nje, Kahaso. Zimebaki siku kumi na sita. Akipigwa na jua kazi yote imeharibika. Na watu watasema ni mgonjwa, na hao wa Lamu watasikia kabla ya magharibi."

"Ni mgonjwa kweli. Anakojoa povu."

"Mambo ya chooni ya mtoto wa watu unayasema hivi kwa mdomo wazi?"

"Mdomo wazi ndio huu. Na wewe unayajua tangu lini?"

Bi Fairuz alimgeukia Bi Mahfoudha, akamwambia kwa sauti ya chini, ya huruma, kwamba yuko mtu akiona kizuri hapati usingizi. Binti yangu Sidi ana miaka ishirini na sita na hajaolewa. Kila mtu aliyekuwemo chumbani alijua analenga nini. Bi Mahfoudha akachukua gauni kitandani, akanipa mikononi, akanambia niende nalo na nitafakari, na kama sitaki kazi yuko fundi mwingine Kiembeni. Alisema kwa adabu. Adabu yao ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa maana ilinikumbusha niliko. Nikatoka nimebeba satini kama mtu aliyefukuzwa na mzigo wake.

Sikwenda Utange. Nilikwenda dukani kwa Jamaludin.

Kwa watu wengine hilo huenda si kitu. Kwetu sisi ni kitu. Fundi wa kike hamwendei mwenye nyumba mbele ya wateja wake kumweleza habari za mwili wa binti yake. Kuna mambo hupitia kwa wanawake mpaka yafike, na yakikwama kwa wanawake huwa ndiyo yamekwama. Nilimkuta anampimia mtu bomba la maji. Nikangoja. Mteja alipoondoka nikamwambia yote, macho nimeyaelekeza kwenye vigae: uso, miguu, pumzi, povu, kopo.

Jamaludin ni mtu mpole, sauti yake huisikii mpaka umkaribie. Hakuuliza kwa nini nimekuja mimi. Aliuliza swali moja.

"Usiku analala chali?"

"Hawezi. Alinambia mwenyewe, siku nyingi."

Akafunga duka saa nne ya asubuhi, siku ya kazi. Tulipofika nyumbani, Bi Mahfoudha alimfuata sebuleni anamwomba kwa maneno yote, kwamba angoje hata jioni giza liingie, kwamba mtoto atatazamwa na barabara nzima, na majirani, na watu wa duka la pili. Jamaludin alikuwa ameshamshika Malak mkono.

"Nawamuone," akasema.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa kama kawaida yake. Watu walitupisha njia, si kwa heshima, ni kwa kumshangaa yule mwari mweupe aliyefunikwa kanga mbili. Muuguzi aliyetupokea aliitwa Mueni, mwanamke wa Kitui, mfupi, mwenye haraka. Alimpima presha, akamsimamisha kwenye mzani, akampa kikopo akamwonyesha choo. Malak aliporudi, Mueni alitumbukiza kijiti ndani ya mkojo, akakiweka juu ya karatasi, tukakitazama sote. Kipande kimoja cha kijiti kilikuwa cha njano. Kikageuka kijani, kikaendelea mpaka kikawa kijani cha kukoza kabisa.

"Hii ni protini," Mueni akasema. "Haifai kuwa hapa. Figo kazi yake ni kuchuja. Zinatoa uchafu na maji yaliyozidi, na chakula cha mwili zinakirudisha kwa damu. Za huyu zimetoboka, zinamwaga chakula. Sasa damu imebaki nyepesi, maji yanaihama yanaingia kwa nyama. Ndiyo huu uso. Na si uso tu, hata mapafu yanaweza kujaa." Akatazama uzito aliouandika. "Kabla ya haya alikuwa kilo ngapi?"

"Hamsini na saba," Malak akasema. "Nilipimwa shuleni mwezi wa saba."

"Kwa urefu huu ni sawa kabisa. Leo ni sitini na tisa. Nani alikuwa anataka aongezeke?"

Jamaludin alikuwa ametazama sakafu.

"Unakunywa dawa yoyote? Za maumivu? Za miti? Unajipaka nini?"

Hapo ndipo Bi Mahfoudha alipofungua mkoba wake. Nilidhani anatafuta leso ya kujifuta machozi. Akatoa kopo. Alikuwa amelibeba kopo hospitali ili saa ya kumpaka isipite. Mchana huo, katika foleni hiyo, na mtoto anahema, alikuwa amehesabu kwamba huenda tukachelewa kurudi. Nilitaka kumpigia kelele mbele ya watu wote, na najua ningempigia kama asingekuwa analia.

Mueni aliligeuza kopo huku na huku akitafuta maandishi. Akalifungua, akanusa, akalifunga, akaenda kunawa mikono.

"Mimi siwezi kuapa kilichomo mpaka kipimwe maabara," akasema. "Lakini mafuta ya kung'arisha mengi yamekutwa na zebaki. Ile ya ndani ya kipimajoto cha zamani. Inaingia kwa ngozi, inakwenda kwa figo, inakaa huko. Kadiri unavyopaka sehemu kubwa, na kukaa ndani bila hewa, ndivyo inavyoingia. Yanaachwa leo." Akachukua kalamu. "Uvimbe ulianza lini?"

Bi Mahfoudha akasema juzi. Jamaludin akasema hajui. Malak akasema labda wiki.

Mimi daftari nilikuwa nalo ndani ya mfuko, pamoja na gauni. Nikalifungua, na nikiri kwamba nililifungua kwa majivuno, maana kwa mara ya kwanza siku ile kulikuwa na kitu ninachokijua mimi na wao hawakijui. Nikamsomea tarehe. Kiuno, kifundo cha mkono. Kiuno, kifundo cha mkono. Mueni aliandika yote.

"Vizuri sana," akasema. "Hii itamsaidia daktari kuliko maneno. Kwa hivyo tarehe hii ya pili, nusu inchi kwenye kifundo, uliona si kawaida?"

"Niliona."

"Ni wiki mbili na siku tano. Ukafanya nini?"

Kulikuwa na kelele za watoto kwenye foleni, na mtu alikuwa anaita namba. Nilitamani namba hiyo iwe yetu.

"Nilitanua gauni," nikasema.

Hakunigombeza. Aliandika tu, sijui aliandika nini, akafunga faili. Ningependa angenigombeza. Nimekasirika na watu wengi katika habari hii, na Mungu ananijua, lakini kila hasira yangu ikishamaliza mzunguko wake hurudi pale, kwenye benchi lile, kwenye hayo maneno mawili.

Mueni alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi nyuma.

"Nani alikuwa anampaka?"

"Mimi," Bi Mahfoudha akasema. "Kwa mkono wangu. Asubuhi na jioni."

"Na glavu?"

"Mama humpaka mwanawe kwa glavu?"

Mueni akatazama vidole vyake. Na mimi nikavitazama, na nikashangaa jinsi nilivyokuwa nikipima watu bila kuona. Vidole vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kiungo cha pili, na pete ya ndoa ilikuwa imezama. Mueni akachukua kikopo kingine mezani akamkabidhi. Bi Mahfoudha alisimama nacho muda mrefu, mwanamke ambaye nyumbani kwake neno la choo halisemwi, kisha akaenda. Kijiti chake nacho kilibadilika rangi. Hakikukoza kama cha Malak, lakini kilibadilika.

Malak alilazwa siku kumi na tatu katika hospitali kubwa. Walimpa dawa za kutoa maji, wakamkataza chumvi, achari, maandazi ya dukani na kila kitu cha pakiti, na wakamwambia atapimwa mkojo kila wiki mbili kwa miezi. Alitoa kilo kumi na moja za maji. Daktari alisema figo zina bahati, zimewahiwa. Zingeachwa mpaka siku ya harusi, na vile vilemba na lile joto na kukaa masaa, hajui. Aliposema hajui, alimaanisha anajua.

Harusi ikaahirishwa, na hapo ndipo mtaa ulipopata la kusema. Wengine walisema Malak amerogwa. Wengine walisema ana mimba, na mimba hiyo imetolewa. Wapo waliosema mimi nimefanya hivyo kwa ajili ya Sidi wangu, kana kwamba Hussam angetoka Lamu avuke bandari aje kumtafuta mtoto wa fundi. Bi Fairuz hakuguswa. Jamaludin alilipeleka kopo kwa wahusika, wakalipokea, wakamwandikia karatasi, na mpaka leo hawajamrudia na jibu. Bi Fairuz ameshamtia ndani mwari mwingine kule Shika Adabu, Likoni, na nasikia kopo limebadilishwa kifuniko tu. Nilimfuata mama wa huyo mwari mpaka huko nikamweleza. Alinisikiliza, akanikaribisha juisi, akanambia fundi wake anaye.

Ikafika mwezi wa kwanza. Mkojo wa Malak ulikuwa umetoka safi mara mbili mfululizo, na wa mama yake pia, na tarehe mpya ya harusi ikapangwa. Hakuna kutiwa ndani, Jamaludin alisema, na hakuna somo. Mimi nikaitwa kulipunguza gauni. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwao, pini mdomoni, mama yake Hussam alipofika kutoka Lamu na dada zake wawili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mchumba wa mwanawe uso kwa uso, kwa kuwa posa ilikwenda na wanaume.

Walisalimiana vizuri, wakaombeana dua. Kisha yule mama akakaa, akamtazama Malak kuanzia juu mpaka chini. Rangi yake ilikuwa imerudi ya maji ya kunde, isipokuwa mabaka machache shingoni. Mashavu yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amesimama vizuri, anapumua.

"Maskini," yule mama akasema, "mwili wote umekwisha. Ugonjwa ni kitu kibaya."

Dada zake wakaitikia. Akatoa simu kwenye mkoba, akaitafuta picha, akaigeuza ili sote tuione. Bi Fairuz alikuwa amemtumia mwezi wa tisa, bila kumwambia mtu. Malak kitandani, uso mweupe umeviringana, macho yamefumbwa nusu.

"Mimi niliyetumiwa ni huyu," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Nimewaonyesha watu wote Lamu. Wataniuliza yuko wapi. Hamuwezi kungoja miezi miwili mitatu, mumlishe lishe akarudi kuwa hivi?"

Nilitoa pini mdomoni ili niseme, na ningesema maneno ambayo fundi akiyasema harudi tena nyumba hiyo. Malak alinishika bega.

"Huyo alikuwa anakufa, mama," akasema.

Yule mama alibaki ameshika simu hewani, hajui aiweke wapi. Bi Mahfoudha aliinuka alipokuwa amekaa, akaenda, akamwomba kwa adabu amuazime. Akaitazama picha ile kwa muda, karibu na macho, kama anayemtafuta mtu ndani yake. Kisha akaifuta kwa kidole chake, akahakikisha imefutika, akamrudishia mwenyewe simu yake.